Niliula Unga wa Msiba Wangu

Naandika asubuhi, baada ya uji na kabla ya saa nne, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo kichwa changu bado ni changu. Zikipita, maneno huanza kunikimbia. Mke wangu, Mama Neema, amekaa kwenye kigoda karibu yangu anachambua maharage. Kila nikimaliza ukurasa namsomea. Nikirudia jambo ananiambia, "Hiyo umeshasema," nami nakata. Nikikosea anasahihisha, na mara nyingine tunabishana, maana naye si malaika. Kwa hiyo ukiona maelezo haya yamenyooka, ujue tumeyanyoosha wawili.

Namwandikia yule ambaye leo atalala macho makavu akihesabu boriti za dari, na yule aliye ubavuni mwake anayejifanya amelala. Mimi si daktari. Nilikuwa mpiga kengele.

Kanisa letu la Kilutheri liko juu ya kilima, nje ya mji wa Iringa, upande ule wa ukungu. Kengele ni ya shaba. Baba yangu aliipiga, akaniachia kamba na ufunguo wa mnara. Kila siku ililia saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili mara tatu kabla ya ibada. Halafu uko mlio mmoja usio na saa, wa msiba. Kwetu kengele ikilia wakati usio wake, hakuna anayeuliza imelia nini. Wanaume wanaacha jembe shambani, kina mama wanachota unga, wanafunga kuni, wanatoka. Kuuliza "nani?" kunafanyika njiani. Na unga ukishatoka ndani kwa ajili ya msiba haurudi tena. Kuurudisha ni kuukaribisha msiba mlangoni kwako, ndivyo tulivyolelewa.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuhitaji saa ya kuniamsha. Nilifumbua macho mwenyewe, nikavaa koti, nikapanda kilima, nikavuta. Watu walipanga siku zao kwa mkono wangu. Wakaniita Mzee Kengele, nami nikajifanya sipendi. Nilipenda sana. Nalisema mapema ili uelewe nilichokuwa naogopa. Kufa sikukuogopa hivyo. Niliogopa kunyang'anywa ule ufunguo.

Usingizi ulianza kunitoroka msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi inayogemwa mvua zikianza. Mwanzoni nikadhani ni ulanzi wenyewe, nikaacha. Haikusaidia. Naamka saa saba, nakaa kitandani. Naamka saa nane, natoka nje kutazama nyota, narudi miguu imekuwa barafu. Mama Neema alikuwa anatania: "Lala, baba, kijiji hakitaibiwa." Baadaye akaacha kutania. Kumbe naye alikuwa halali, anasikiliza kama nimefungua mlango.

Mchana ndipo usingizi ulipojilipa. Nilisinzia kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nikasinzia na kikombe cha chai mkononi kikanimwagikia mapajani. Nikisinzia mchana, nikiamka sijui niko wapi. Nilianza kuuliza jambo lililokwisha kujibiwa. Namba ya wimbo niliyoambiwa mlangoni ilinipotea kabla sijafika kwenye ubao. Siku moja nilishindwa kulikumbuka jina la mjukuu wangu akiwa amenikalia magotini, nikamwita "wewe mrembo" ili nisiumbuke.

Nilificha. Hilo nakiri. Nilichukua chaki nikawa naweka alama ukutani ndani ya mnara kila nikimaliza kupiga, maana nilianza kuogopa nisije nikapiga mara mbili. Siku moja nikakuta alama mbili za asubuhi moja. Nilizifuta kwa mkono wa koti nikateremka kilima napiga mluzi. Nyumbani Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni.

"Leo umepiga mara mbili."

"Nani kasema?"

"Masikio yangu."

"Basi masikio yako ni mazee," nilimwambia, nikaingia ndani. Sikumsemesha hadi jioni. Mtu mwenye makosa ndiye hasira zake huwa ndefu.

Nikaenda duka la dawa mjini, nikaomba kitu cha kulalia. Nikapewa vidonge vidogo vya njano, vile ambavyo watu hutumia kwa mafua. Kimoja kilinilaza. Baada ya wiki kimoja hakikutosha, nikameza viwili, kisha vitatu. Nilivificha ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Nililala, ndiyo, lakini niliamka mdomo mkavu, kichwa kizito kama kimejazwa udongo, na kusahau kukaongezeka. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliongeza vidonge.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa Julai, baridi imekaza, ukungu haukuwa umeinuka tangu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala kabisa. Baada ya chakula cha mchana Mama Neema alibeba ndoo ya mahindi akaenda mashineni kusaga. Nikameza vidonge vyangu, nikajilaza kidogo.

Nilipofumbua macho chumba kilikuwa na ule mwanga wa kijivu ninaoujua. Saa ya ukutani ilisema kumi na moja. Moyo ulinipiga, kwa sababu nilikuwa sijavaa, na maisha yangu yote sijawahi kuchelewa. Kitanda upande wa mke wangu kilikuwa kitupu, nikadhani ameshaamka kuwasha moto. Nikavaa koti, nikapanda kilima karibu nakimbia. Nikafungua mnara, nikashika kamba. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Nilipiga vizuri siku ile, mapigo yote, bila kuruka.

Nilipotoka, watu walikuwa wanapanda kilima. Niliona kina mama wa kwanza na mabeseni vichwani, nyuma yao wengine na mizigo ya kuni. Mbele alikuwa Mama Zawadi, kiongozi wa kina mama wa usharika, kanga imefungwa kiunoni tayari kwa kazi ya msiba.

"Kamwene, Mzee," alinisalimu kwa sauti ya chini. "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetoka. Ni asubuhi. Ingieni mkasali."

Alinitazama. Nyuma yao niliona wanafunzi wanapita barabarani na sare zao na madaftari, wanatoka shule. Ukungu ulifunguka kidogo, nikaliona jua. Lilikuwa upande wa Mbeya. Jua la asubuhi halijawahi kutokea huko.

Sijui nikueleze vipi aibu ile. Ilianzia miguuni. Nilitaka kusema nilikuwa naijaribu kamba, nikafungua mdomo, uongo haukuja. Mama Zawadi ndiye aliyeninusuru. Alinishika kiwiko akasema, "Twende tukusindikize nyumbani, Mzee. Baridi hii." Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Na unga je? Mi siwezi kurudi nao ndani." Mwingine akasema hata yeye. Wakanong'onezana. Mwisho Mama Zawadi akakata shauri: "Unaenda kwa Mzee. Kengele ni ya kwake, unga ni wa kwake."

Hawakuwa na ubaya. Walitaka tu wasivunje mwiko. Kwa hiyo tuliteremka, kina mama mbele na unga na kuni, mimi nyuma na wanaume wawili wakinishika huku na huku, kichwa nimeinamisha.

Mama Neema alikuwa anarudi kutoka mashineni. Alisikia kengele akiwa huko, akajua ni msiba, hakujua wa nani. Alipopinda kona ya nyumba yetu aliona kina mama wanaingia uani kwake, unga kichwani, wanapanga kuni ukutani. Mimi hakuniona.

Ndoo ilianguka. Unga wake ukamwagika wote njiani. Halafu akapiga yowe, akaniita kwa jina langu la ubatizo, jina ambalo hajalitumia tangu Neema azaliwe.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilikisikia kilio changu nikiwa nimesimama. Nilijisukuma katikati ya watu nikasema, "Niko hapa, niko hapa." Akageuka. Alinipiga kifuani kwa ngumi mbili, mbele ya watu wote, kisha akanishikilia koti asiachie. Unga wake ulikuwa umemjaa miguuni.

Jioni ile walikuja wazee wa kanisa na Mchungaji. Mchungaji wetu ni kijana kwangu, nilimfundisha kupiga kengele akiwa mwinjilisti. Alikunywa chai, akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za mvua iliyokuwa bado miezi mitano. Mwisho akasema, "Baba, tunaomba tukupumzishe kidogo."

"Mnataka ufunguo."

"Ni kukupumzisha tu, Baba."

Nilimpa. Baada ya wao kuondoka nililia, na sina haya kuandika hivyo.

Neema, binti yetu wa pekee, ni mwalimu Mbeya. Alikuja siku ya tatu. Alikuta nyumba nzima imejaa mabeseni ya watu, mama yake anahamishia unga kwenye magunia ili arudishe vyombo. Hakuuliza mengi. Alikagua vitu vyangu kama polisi, akavikuta vidonge vya njano ndani ya kitabu cha nyimbo. Akakaa kitandani akavishika mkononi muda mrefu. "Tunaenda Mbeya," alisema. "Na baba hatarudi kukaa huku." Mama yake akamwambia asiongee kana kwamba sipo. Waligombana kwa sauti za chini jikoni, nikasikia kila neno.

Niliondoka na Neema, mama yake akabaki na nyumba. Safarini basi lilisimama Igawa, abiria wakashuka kununua mchele na vitunguu. Nilikwenda chooni. Neema alisimama nje ya mlango wa choo cha wanaume akiniita kila baada ya muda mfupi, "Baba, upo?" Nami najibu, "Nipo." Watu wanatazama. Huyu ni mtoto niliyemwogesha mwenyewe kwenye karai.

Kliniki ya kwanza ilikuwa Agosti. Tulifika na giza, tukapewa namba, tukakaa kwenye benchi la mbao lenye ubaridi wa kuuma. Benchi la hospitali linakufundisha kwamba hauko peke yako, na hilo ni zuri na baya. Karibu yetu alikaa mtu wa Rujewa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, amemleta mama yake mzazi. Yule bibi alikuwa anapepeta. Hana ungo, hana mpunga, lakini mikono inakwenda juu na chini, na mara moja moja anapuliza makapi. Mwanawe akaniambia, "Usiku mzima ni hivyo, mzee. Nikimwambia mpunga hakuna, analia. Siku hizi naweka tu mkono chini ya mikono yake, namwambia, mama, imetosha, umejaa. Ndo analala." Nimekutana na madaktari watatu tangu siku ile, wazuri wote, lakini dawa hiyo ya yule mwanaume ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko Neema. Alinipa maneno matatu niyatunze, akaniuliza mambo mengine, kisha akayataka maneno yake. Nilikuwa nimebaki na moja. Halafu akanipa karatasi na kalamu.

"Baba, nichoree saa. Mishale ioneshe saa tano na dakika kumi."

Nilicheka. Mimi, niliyekuwa saa ya kijiji kizima, niambiwe nichore saa. Nilichora duara zuri, nikaanza kuweka namba. Nilipomaliza ya kumi na mbili niliona zote zimejazana upande mmoja, na upande wa pili mweupe. Mishale sikujua iende wapi. Neema aligeuka kutazama dirishani. Sikupata tena hamu ya kucheka siku hiyo.

Damu ilichukuliwa, nikapigwa picha ya kichwa, tukaambiwa turudi. Kliniki ya pili ndipo tulipopewa jina la ugonjwa. Daktari aliandika Alzheimer kwenye kadi, ugonjwa wa kusahau, akasema uko mwanzoni. Alisema bila kuzunguka kwamba hauponi, ila mtu anaweza kuishi nao vizuri kwa muda, na kwamba usingizi wangu si jambo la pembeni. Alitueleza kwa lugha ya jikoni: usiku ubongo unaosha vyombo vyake, na mimi nilikuwa naamka vyombo vichafu kila siku. Akaviona vile vya njano. Alivuta pumzi.

"Hivi, Baba, ni vya mafua. Kwa mtu wa umri wako vinavuruga kichwa. Umekuwa unamwaga matope juu ya vyombo."

Ewe unayesoma, kama una chupa au karatasi ya namna hiyo chini ya mto, usiitupe kimyakimya wala usiendelee nayo kimyakimya. Ibebe, mwoneshe daktari. Mimi alinipunguzia kidogo kidogo, akanipa dawa nyingine ya ugonjwa wenyewe. Akatupa na masharti. Nikiamka nitoke nje nikae juani, hata kama jua ni la mawingu. Mchana nisilale zaidi ya nusu saa, na isiwe alasiri. Majani ya chai mwisho saa sita mchana, jioni ninywe mchaichai. Kulala na kuamka saa ileile.

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Wiki tatu za kwanza bila vidonge zilikuwa mbaya kuliko zote. Mikono ilitetemeka, jasho lilinitoka katika baridi ya Uyole, pale Mbeya anapokaa Neema, na usiku nilitembea sebuleni kwake kuanzia ukuta hadi ukuta. Nilikuwa natafuta mnara. Nilifungua kabati la vyombo nikitafuta kamba. Wajukuu waliogopa, wakawa wanajifungia chumbani kwao. Neema alikwenda shuleni macho mekundu. Asubuhi moja aliniambia, "Baba, nimechoka," na papo hapo akaniomba radhi. Nilimwambia usiombe, na mimi nimejichoka.

Jirani yake, Mama Sekela, ni Mnyakyusa. Kila asubuhi aliponikuta nje nimekaa juani, kofia imenifunika masikio, alinisalimu juu ya ua: "Ugonile, baba?" Salamu hiyo kwao, ukiichambua, inakuuliza kama umelala. Watu huijibu bila kufikiri. Mimi nilikuwa naijibu kwa ukweli.

"Sikulala, mama."

"Pole, baba. Kesho utalala."

Kesho yake ananiuliza tena. Hakuchoka, wala hakunipa ushauri wowote, na ushauri ndicho kitu kila mtu alichokuwa nacho tele. Ilifika Oktoba, maua ya mijakaranda yamedondoka barabarani, akauliza "Ugonile, baba?" nikasema, "Nimelala. Saa tano nzima." Alipiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Neema alitoka nje na mswaki mdomoni. Alipoelewa, alikaa chini kwenye ngazi akacheka na povu la dawa ya meno.

Kulala hakukunirudishia vyote. Maneno yaliyokwisha kwenda hayakurudi. Lakini ukungu ule mzito uliinuka, nikaweza tena kusoma gazeti na kujua nilichosoma. Na kichwa kilivyopata nafuu kidogo, ndivyo nilivyoona vizuri zaidi nilichopoteza. Hilo hakuna aliyenionya. Nilikaa juani pale Uyole, mzee safi, ameoga, amelala vizuri, asiyetakiwa na mtu mahali popote.

Mama Neema alikuja kwa kliniki ya tatu, Novemba. Daktari alimuuliza hali ya nyumbani. Akaeleza yote, kengele, unga, ufunguo. Daktari akaniuliza, "Huko kwenu ulikuwa unaamka saa ngapi?"

"Kumi na moja kasoro. Toka ujana."

"Na sasa?"

Neema akajibu badala yangu: "Hapohapo, daktari. Usiku akilala akikosa, saa hiyo lazima awe wima, anataka kutoka."

Daktari akafikiri. Alisema hawezi kuamua mambo ya kanisa letu, lakini ana wagonjwa wengi wanaomeza dawa na kukaa bila sababu ya kuamka, na hao hawaendi vizuri. Mtu akiwa na kazi anayoijua tangu zamani, asinyang'anywe yote, asaidiwe. Awepo mtu wa kuwa macho yake.

"Mimi ndo macho yake," mke wangu alisema. "Nani mwingine?"

Neema alianza, "Mama, na wewe umechoka..."

"Nimechoka kukaa mbali na mume wangu. Hiyo ndo imenichosha."

Tulirudi Iringa mvua za kwanza zikianza. Usiku wa kwanza Mama Neema alichana kitenge cha zamani, akatoa utepe mrefu, akafunga upande mmoja kwenye kifundo cha mkono wangu na mwingine kwenye cha wake. "Ukiamka, nami naamka. Ndo nitalala sasa, kwa kuwa sihitaji tena kusikiliza mlango." Nililalamika kwamba amenifunga kama mbuzi. Akasema mbuzi hajawahi kumpitisha mtu katika mchana kama ule wa Julai. Na kweli akalala, akakoroma kama zamani, nami nikamsikiliza kwa raha hadi nikapitiwa.

Tulikula ule unga. Yalikuwa magunia mawili, na alikataa katakata kuutupa. Ugali wa kwanza niliutazama bila kuugusa. "Kula," alisema. "Umeshalipiwa." Nikala. Ulikuwa ugali kama ugali mwingine, umepata uchungu kidogo kwa kukaa. Niliuliza watakapokuja kwa msiba wangu wa kweli wataleta nini, maana wangu nimeshaumaliza. Akasema wataleta mboga.

Mwezi ule alikwenda kwa wazee wa kanisa peke yake. Sikujua. Alirudi amefunga kitu kwenye pindo la kanga. Mama Zawadi baadaye ndiye aliyenisimulia. Wazee wawili walikataa, wakasema kijiji hakiwezi kuishi kwa wasiwasi kila kengele ikilia. Mama Zawadi akasimama akasema, "Tumpe mama ufunguo. Yeye hajasahau kitu. Na siku ile nilibeba unga mimi, si nyie." Wakampa.

Aliufungua ule ufunguo mbele yangu nikanyoosha mkono. Akaurudisha kwenye pindo. "Umeandikwa jina langu," alisema.

Iliniuma. Nilikasirika wiki nzima nikakataa kwenda. Alfajiri alikuwa anaufungua utepe, anampigia simu Mama Zawadi aje akae nami, anapanda kilima peke yake na tochi. Nami nabaki kitandani nasikiliza. Alikuwa anapiga vibaya. Anavuta, anasita, anavuta mara mbili, kama mtu anayechota maji kisima kirefu. Siku ya tano watu walianza kutania sokoni. Siku ya saba sikuweza tena. Nilivaa koti.

"Unaenda wapi?" alisema.

"Nakuja kukufundisha. Unatuaibisha."

Alicheka huku ananifunga vifungo, maana vifungo vya koti siku hizi vinanishinda. Ndivyo tunavyofanya tangu hapo. Yeye anatazama saa kwenye simu, anafungua mlango, anahesabu mapigo. Mimi navuta. Mikono yangu haijasahau. Ukiniuliza jana nilikula nini nitakudanganya, lakini kamba inapopanda najua lini niiachie na lini niirudishe. Tukimaliza anaweka alama ya chaki, tunateremka, tunakaa nje kwenye benchi hadi jua litoke.

Ugonjwa unatembea. Naujua mwendo wake. Kliniki ya mwisho nilishindwa hata lile neno moja. Kuna usiku navuta utepe nikidhani ni kamba, Mama Neema anaamka amekunja uso, ananiambia "bado," ananifunika. Hasemi zaidi. Amejifunza kwa yule mtu wa Rujewa, nilimsimulia.

Wiki iliyopita tulikuwa ndani ya mnara. Kulikuwa na ukungu, na mwanga ulikuwa ule wa kijivu. Nilishika kamba, kisha kila kitu kikanitoka. Sikujua ni asubuhi au jioni. Nilijua tu kwamba nimeshika kamba, na kwamba watu watakuja. Niliogopa mno. Niligeuka nikamuuliza mwanamke aliyesimama na tochi, "Nani amekufa?"

Hakushtuka. Alikuja akaweka mikono yake juu ya mikono yangu kwenye kamba, ya moto kwa kutoka mfukoni.

"Hakuna aliyekufa, Baba Neema," alisema. "Ni asubuhi. Vuta."

Nikavuta.